Mwaka Niliomtilia Mwaura Sauti

Mzungu aliyekuwa akitengeneza filamu aliniuliza kama ningeweza kumtilia Mwaura sauti, nami nikasema ningeweza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi mjini Nairobi, katika chumba ambacho kuta zake zilitundikwa mablanketi ili sauti isirudi. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliuliza kama mtu anayeomba kiberiti, nikajibu kama mtu anayekitoa mfukoni. Baadaye nilifanya kazi ya kuigiza kwa zaidi ya miaka arobaini, jukwaani, redioni na katika filamu, na katika miaka hiyo nilikubali mambo mengi ya kipumbavu. Niliwahi kuvaa ngozi ya chui mbele ya watalii. Niliwahi kusifu redioni dawa ya mba ambayo sikuipaka hata siku moja. Hayo nikiyakumbuka hucheka. Lile la Jumamosi halijawahi kunichekesha, na kama ningepewa siku moja ya kuirudia, ningeirudia ile, nikae kwenye kile kiti cha mbao, niulizwe, niseme hapana.

Mwaura tumemzika mwezi uliopita huko Murera. Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Namba yangu aliikuta katika daftari la marehemu, imeandikwa "Wekesa" bila neno lingine, na hata sasa sijui marehemu aliipata wapi. Nilikaa chini ya hema nikasikiliza mpwa wake akisoma wasifu: alizaliwa Ruiru, akafanya kazi kiwandani Thika, akawa fundi wa mabomba ya maji, akafuga ng'ombe, akawa mzee wa kanisa. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema kwamba aliwahi kupanda jukwaani. Mjukuu wake mmoja, kijana wa chuo kikuu aliyeitambua sura yangu kutoka kwenye televisheni, alinisogelea na sahani ya pilau. "Guka," akaniita, yaani babu, "wewe na yeye mlijuana aje?" Nikamwambia tulifanya kazi kiwanda kimoja. Ni kweli, lakini ni ukweli mdogo. Nimeona heri niuandike ule mkubwa kabla na mimi sijasomewa wasifu.

Mwaka wenyewe ni wa hamsini na sita. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na Mkikuyu hakuweza kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila pasi iliyogongwa muhuri. Mimi nilitoka magharibi, nimesoma hadi kidato cha pili kwa wamishonari, na askari waliponitazama na kusikia jina langu walinipungia mkono nipite. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kusindika mananasi mjini Thika, nikipiga taipu barua za meneja. Mwaura alikuwa chumba cha lebo. Yeye na wanawake kumi hivi walisimama kwenye meza ndefu wakibandika karatasi yenye picha ya nanasi juu ya kila kopo, na gundi iliwakaukia vidoleni hadi ukidhani wana ngozi mbili. Tulipanga chumba kimoja Majengo, kwa Mama Halima, mjane ambaye baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na reli na mama yake Mkamba. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku langu la bati lililokuwa pia meza yetu, msumari wa koti lake na msumari wa koti langu. Ukuta uliotutenga na jiko la Mama Halima ulikuwa wa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Harufu ya vitunguu ilipita, moshi ulipita, na maneno yalipita yote.

Kwa hiyo tulijua alivyotusema. Alikuwa na shoga yake, muuza mkaa, ambaye alikuja kila alasiri kunywa chai ya tangawizi. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Hawa vijana wangu, mmoja anasema rara, mwingine alikuwa akisema pwana mpaka nikamnyoosha. Nikiwapika chungu kimoja nitapata Mswahili mmoja mzima." Yule shoga akacheka mpaka akakohoa. Mwaura, aliyekuwa amejilaza na viatu kitandani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie atie chumvi." Sisi wote wawili hatukuona ubaya. Nusu ya Thika ilisema kama Mwaura, r mahali pa l, na hakuna aliyekosa kuuziwa mkate kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimenyooshwa kwanza na mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Mombasa mwenye fimbo, kisha Mama Halima akamalizia. Nilijivunia Kiswahili changu kuliko nilivyojivunia cheti changu.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na watu wanane, wote wa viwandani, na tulicheza Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa jamii kwa sababu saa za usiku zilikuwa na kafyu. Pazia lilikuwa kitambaa cha marekani tulichokipaka rangi ya majani ya chai. Mimi ndiye niliyeandika michezo, kwa penseli, kwenye mgongo wa fomu za kiwandani zilizoharibika, na nilikaa nyuma ya pazia kuwakumbusha waliosahau. Mwaura hakusahau kamwe, ingawa kusoma kulimshinda. Alijifunza kwa masikio. Kila jioni nilimsomea maneno yake huku akipiga pasi mashati yetu kwa pasi ya makaa. "Soma tena. Porepore," angesema. Nilisoma tena. Mara ya tatu au ya nne alianza kuyasema pamoja nami, chini kwa chini, na ilipofika mara ya saba nilinyamaza nikabaki kumtazama, kwa maana maneno yalikuwa si yangu tena. Alikuwa ameyahamisha. Pale nilipoandika sentensi moja yeye alivuta pumzi mara mbili, na pale nilipoweka neno la hasira yeye alitabasamu, na hasira ikawa kubwa zaidi.

Nitaeleza siku moja tu ili anayesoma asidhani namsifu kwa kuwa amekufa. Tulicheza mchezo juu ya mzee anayekwenda kuposea mwanawe, akiwa amesahau jina la bibi harusi. Mwaura alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliingia akiwa hajapakwa unga kichwani wala hajashika fimbo, kwa sababu mwenye fimbo hakufika. Aliingia tu, akasimama, akatafuta mahali pa kukaa kama mtu ambaye magoti yanamshauri vibaya. Kisha mwanamke mmoja wa chumba cha lebo, aliyesimama naye meza moja kila siku, akainuka kumpisha kiti. Yule mwanamke alikuwa amepanda jukwaani kumshika mkono kabla hajakumbuka yuko wapi. Watu walimcheka sana, naye akasema, "Mnacheka nini? Si mzee anaanguka?"

Mimi nilicheza pia, sehemu ndogondogo. Nikitoka jukwaani Mwaura alinipa hukumu yake. "Pare kwa mrango ulidanganya," angesema, maana wakati mwingine ulimi wake uliikumbuka l katika neno moja na kuisahau katika lingine. "Urikuwa unasikiriza sauti yako." Nilikasirika kila mara, na kila mara alikuwa na haki.

Mwisho wa mwezi, pasi yake ikigongwa muhuri, tulikwenda Ruiru kumwona mama yake. Aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba la kahawa, nyumba za duara za mawe zilizopakwa chokaa, kila moja na jiko lake nje. Wote walimwita Mama Mwaura, nami vilevile; mwanawe alimwita maitu, yaani mama. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na mwaka ule hakuweza tena kuchuma kahawa. Alikaa mlangoni akipukuchua mahindi na kulea watoto wa wachumaji. Alimtambua kila mtu kwa hatua na kwa sauti. Tulimpelekea makopo ya mananasi yaliyobonyea, yale ambayo kiwanda kiliwauzia wafanyakazi, naye aliyapapasa mbonyeo kwa kidole gumba na kusema, "Hii iripigana na nani?" Alitupikia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochanganywa na viazi na majani ya malenge, akaketi kati yetu, sikio moja kwangu, moja kwa mwanawe. Hakuwahi kuja Thika kwenye maigizo yetu. Safari ilimshinda, na pasi nayo haikutolewa kwa sababu ya kwenda kutazama mchezo. Kila tulipokuja alimwambia Mwaura, "Niambie rire ra mzee." Mwaura alisita kwanza, mbele ya mamaye alikuwa na haya, kisha alisimama pale kati ya jiko na mlango akawa yule mzee, na mamaye akacheka kwa mikono miwili mdomoni.

Filamu ilikuja baada ya mvua ndefu. Meneja wetu aliniita ofisini nikamkuta mzungu mwembamba mwenye kaptula na kamera shingoni. Alitumwa na ofisi ya serikali iliyotengeneza filamu za mafunzo, zile zilizozungushwa mashambani na gari la sinema: jinsi ya kunawa mikono, jinsi ya kupanda nyasi za ng'ombe. Hii yake ilikuwa na hadithi. Kijana anamwacha mama yake shambani, anaingia mjini, anaharibiwa na pombe na marafiki, anaugua, anarudi nyumbani. Alikuwa ameona mchezo wetu Jumamosi iliyopita, amesimama nyuma kabisa, na alimtaka Mwaura. Mimi alinitaka kuwa mkalimani. Tulimpa jina siku ya kwanza. Badala ya kusema simama au anza tena, alisema "ngoja" kwa kila kitu, basi akawa Bwana Ngoja.

Tulipiga picha wiki mbili katika shamba lilelile la Ruiru, kati ya mistari ya kahawa na kwenye zile nyumba nyeupe. Kamera yake haikuwa na masikio. Ilichukua picha peke yake, na sauti, alitueleza, ingetiwa baadaye Nairobi, mwigizaji akijitazama ukutani na kuyasema maneno yake upya. Siku ya mwisho ilikuwa ya kurudi nyumbani. Mwanamke mmoja wa shamba alicheza mama. Mwaura alipaswa kutokea kwenye kona ya nyumba, amekonda, koti limechanika, aseme, "Mama, ni mimi. Nimechelewa, lakini usilie." Bwana Ngoja aliwasha mashine ndogo ya tepu, kama alivyofanya kila siku, ili apate mfano wa sauti. Mwaura alitokea. Hakumtazama yule mama kwanza. Alitazama sufuria iliyokuwa motoni, kama mtu mwenye njaa anayeona aibu ya njaa yake, kisha akasema, "Mama, ni mimi. Nimecherewa, rakini usirie." Yule mwanamke, ambaye hakuwa mwigizaji, alilia. Bwana Ngoja alisahau kusema ngoja.

Jioni ile Mama Mwaura aliuliza maswali mengi. Picha itakuwa kubwa kiasi gani? Kama mrango? Kama nyumba? Mwaura akamwambia kama nyumba. "Basi watu wote wataona," alisema mama. "Mimi nitasikia. Nitakaa mbere nisikie."

Miezi miwili ikapita, kisha barua ikaja kiwandani, na kwa kuwa barua zote zilipitia kwangu, niliifungua mimi. Ilisema Mwaura aende Nairobi Jumamosi kutia sauti, nami nifuatane naye kama mkalimani. Mwaura alipeleka barua kwa ofisa akaomba pasi. Ijumaa mchana alikuja kwenye dirisha la ofisi yangu akaibandika pasi kwenye kioo kwa nje, muhuri ukinitazama, akacheka. Usiku ule akashikwa na homa, ya mafua tu, na Mama Halima akamfukizia mkaratusi ndani ya blanketi. Asubuhi sauti yake ilikuwa imekauka. "Nenda wewe," aliniambia. "Waambie nipeni wiki moja. Pasi yangu ina siku kumi na nne." Aliikunjua anionyeshe tarehe. Nikaisoma kwa macho yangu.

Kule studio walikuwa watatu: Bwana Ngoja, fundi wa mitambo, na mwingine mnene ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Niliwaambia Mwaura ni mgonjwa. Yule mnene akaagiza mfano wa tepu uwekwe. Sauti ya Mwaura ikajaa chumbani: nimecherewa, rakini usirie. Fundi akacheka kwa pua. Mkubwa akasema filamu hii itakwenda hadi Tanganyika na Unguja, na huko watu wataangua kicheko wakati wa kulia. Bwana Ngoja akamtetea kidogo. Alisema kijana anaweza kufunzwa, wampe siku chache, aje arudie mpaka ulimi ukae sawa. Kisha akanigeukia. "Atapata pasi ya kuja wiki ijayo?"

Pasi ilikuwa mfukoni mwa koti, kwenye msumari, Majengo. Niliiona kama ninavyoiona karatasi hii. Nikasema, "Sidhani."

Bwana Ngoja akashusha pumzi. Akauliza kama mimi ningeweza, maana maneno nilikuwa nayajua yote. Nikasema ningeweza. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba niliogopa filamu itaachwa, kwamba nilikuwa nikiiokoa kazi ya rafiki yangu. Si kweli. Niliposikia yule fundi akicheka kwa pua, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia mwaka mzima nikimtazama mtu asiyejua kusoma akiyafanya maneno yangu yawe makubwa kuliko yangu, na sasa nilikuwa nimeambiwa kuna kitu ninacho ambacho yeye hana. Walizima taa, sura yake ikatokea ukutani, nami nikasema naye. Ilikuwa rahisi mno. Nilijua anapovuta pumzi mara mbili. Nilijua anapotabasamu badala ya kukasirika. Sikuigiza chochote siku ile, nilimnukuu yeye tu, kwa l zilizokaa mahali pake. Tulipomaliza yule mkubwa alinishika bega akasema atanitambulisha kwa watu wa redio.

Nilirudi na treni ya jioni. Mwaura alikuwa amekaa kitandani, anakula uji. "Wamesemaje?"

"Wamesema ile waliyochukua Ruiru inatosha," nikamwambia. "Hawakuhitaji."

Aliacha kijiko. "Ire ya sufuria?"

"Hiyo."

Alitabasamu polepole, macho bado mekundu kwa homa. "Basi watakuwa wameona siwezi kuisema vizuri kuriko vire." Upande wa pili wa madebe nilimsikia Mama Halima akinyamazisha kijiko chake ndani ya kikombe. Kesho yake, nilipompelekea ndoo ya maji, aliniambia bila kuniangalia, "Wekesa mwanangu, jana ulizungumza kama mtu anayehesabu meno yake." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia Mwaura siku ile, na siku iliyofuata, na siku nyingi sana kabla gari la sinema halijafika. Jioni nyingine nilianza, "Mwaura, ile filamu," naye akanikatiza kuniambia mama yake amenunua leso mpya ya kuvaa siku hiyo.

Gari lilifika Ruiru mwezi wa kumi na moja. Kwa sababu ya kafyu walionyesha saa kumi alasiri, ndani ya ghala la kahawa, madirisha yakizibwa kwa magunia, na kulikuwa na giza la kutosha na harufu ya kahawa mbichi iliyochacha. Watu walikuwa zaidi ya mia mbili, wamekaa chini. Wachumaji walimpisha Mama Mwaura mbele kabisa, karibu na spika. Alikuwa na leso yake, ya rangi ya machungwa. Mwaura alikaa kulia kwake, mimi kushoto, kwa sababu alinishika mkono na kunivuta nikae.

Picha ikaanza. Kijana anatoka nyumbani na kifurushi, watu wakapiga kelele, "Mwaura huyo! Mwaura!" Mama akanyoosha shingo. Kijana kwenye picha akafungua kinywa, akamuaga mama yake, na sauti ikatoka kwenye spika, nzito, safi, kila herufi mahali pake. Watu wa nyuma hawakutambua kitu. Wao walikuwa wakitazama. Mama Mwaura aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho wa sentensi, kisha akanipapasa goti kwa furaha. "Ni wewe, Wekesa," alisema. "Umesema vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe utaingia rini?"

Sikuthubutu kutazama upande wa Mwaura. Nilitazama ukutani, alikokuwa mkubwa kama nyumba, akiingia mjini, akicheka na marafiki, akisema maneno kwa kinywa chake na sauti yangu. Ghala zima lilikuwa likimtazama yeye. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa amekuja kumsikia. "Wekesa anasema kama Mwaura," mama alimnong'oneza mwanamke aliyekaa nyuma yake, na hapakuwa na kebehi ndani yake, alikuwa akinisifu. Kila tukio jipya aliinua kichwa. Kila mara nilipozungumza alikiinamisha. "Mwaura ataingia rini?" Nikamsikia Mwaura akijibu, sauti yake haikutetemeka, "Bado, maitu."

Ikafika ile kona ya nyumba. Sufuria. Koti lililochanika. Mama, ni mimi, nilisema kutoka kwenye spika. Nimechelewa, lakini usilie. Wanawake walianza kuvuta kamasi kila upande, hakuna aliyecheka. Kilichowaliza ni uso. Taa ya mashine ikazimika, magunia yakashushwa, jua la saa kumi na moja likaingia, na Mama Mwaura akabaki amekaa, leso imemshuka begani. "Imekwisha?"

"Imekwisha sehemu ya kwanza," Mwaura akasema. "Yangu iko sehemu ya piri, maitu. Gari ritaireta."

"Ah," alisema mama. "Basi tutangoja."

Mwaura alimwinua mama yake, akamshika mkono, wakatangulia. Niliwafuata hadi nje ya ghala. Mwaura akamwacha mama yake na wanawake, akanirudia. Nilitazamia anipige, na nadhani nilitaka.

"Pasi yangu," alisema. "Uriwaambia nini?"

"Niliwaambia hutapata."

"Na ulijua ninayo."

"Nilijua."

Aliwatazama watu waliokuwa wakitoka, wengine wakimpungia mikono, wakimwita kwa jina la kijana wa filamu. Akawapungia. Kisha akasema, "Usije kumwambia maitu. Mwache angoje." Jumatatu alihamia chumba kingine, ng'ambo ya stesheni, na Jumamosi hakufika ukumbini. Kikundi kilimwendea, wale sita waliobaki, bila mimi, wakambembeleza. Aliwaambia ana kazi ya kujifunza, fundi mmoja Mhindi amekubali kumfundisha mabomba. Mama Halima, baada ya yeye kuondoka, alining'olea ule msumari wa koti lake ukutani, akasema anauhitaji jikoni.

Mama Mwaura alikufa mwaka uliofuata, kabla ya mvua. Sikwenda mazishini. Mwanamke wa chumba cha lebo, yule aliyempisha mzee kiti, alikwenda, naye ndiye aliyenisimulia kwamba mpaka wiki za mwisho, lori lolote likiingia shambani bibi aliuliza kama ni lile la sinema. Wiki hiyohiyo barua ilikuja kutoka redioni, imeandikwa jina langu. Nilijiuzulu kiwandani, nikachukua sanduku langu, nikaenda Nairobi.

Watu wamenisifu kwa maisha niliyoyapata huko, na sikatai, yalikuwa maisha mazuri. Lakini nimeulizwa mara nyingi na waandishi wa magazeti nani mwigizaji bora niliyewahi kufanya naye kazi, nami nimetaja majina ya watu waliojulikana, kwa sababu kulitaja lake kungenilazimu kuendelea na hadithi. Yeye aliacha kuigiza akiwa na miaka ishirini na miwili, na aliacha kwa sababu yangu. Mama yake alikufa akingoja kitu ambacho mimi nilikizuia kwa neno moja. Na mimi nilikaa karibu miaka sitini nikiishi mwendo wa saa moja kutoka Murera, njia naijua, jina la kanisa lake nalijua, na sikwenda hata siku moja kumwomba msamaha akiwa hai. Nilimkosa mtu niliyempenda kuliko ndugu yangu wa kuzaliwa, na nilimkosa kwa kutaka kwangu mwenyewe.